Mlango wa Tullio

Delmo Rebaudo alikuwa ametunga nyimbo zilizoimbwa Italia nzima, lakini tangu mkewe afariki hakuwa ameandika hata ubeti mmoja. Akafunga nyumba yake ya Genova, akaenda kukaa kwa dada yake Ines, kijijini kwao milimani, akisema anakwenda kupumzika. Ines alimtazama tu, akamtandikia kitanda.

Ilikuwa Novemba, majira ya kuvuna zeituni. Asubuhi moja Delmo alitoka kutembea, akawakuta wanawake wametandaza nyavu chini ya mizeituni, wanapiga matawi kwa fito huku wakiimba. Akasimama. Wimbo ule ulikuwa wake, wa kwanza kabisa kumpa jina, alioutunga akiwa kijana. Alianza kutabasamu. Walipofika mwisho wa ubeti, tabasamu likamkauka.

"Ukirudi usibishe, mlango hatukufunga."

"Hapana, hapana!" akaita. "Mnakosea. Ni 'Ukirudi bisha hodi, hakuna wa kufungua.'"

Wanawake wakashusha fito. Mmoja wao, Bice, mama mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani, akamkagua toka juu hadi chini.

"Mzee, umepotea njia au umetumwa kutukagua?"

"Wimbo huo nimeutunga mimi."

"Ahaa! Na mimi ndiye niliyejenga kanisa la Roma, kwa mikono yangu hii."

Wakaangua kicheko. Delmo mwenyewe alitaka kucheka, ila kuna kitu kilimchoma.

"Nani kawafundisha hivyo?"

"Ines, wa nyumba ile ya juu. Tunauimba hivyo tangu mimi sijaolewa. Huo wako wa 'hakuna wa kufungua' ni wimbo gani, baba? Nani anamwimbia hivyo mtu wa kwao?"

Delmo aligeuka akapanda kilima kurudi nyumbani.

Wimbo ule alimtungia kaka yake, Tullio. Baba yao alipokufa, Tullio aliuza sehemu yake ya shamba bila kumwambia mtu, akapanda meli kwenda Ajentina. Delmo alimfuata hadi bandarini, si kumuaga, bali kumtukana mbele ya abiria. Usiku wa siku hiyo akatunga. Mwaka uliofuata redio zote zilikuwa zikiimba hasira yake, na watu wakidhani ni mapenzi.

Alimkuta Ines jikoni akimenya maharage.

"Ines, umebadilisha wimbo wangu."

"Nimebadilisha." Hata hakuinua kichwa.

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza wapi? Wewe ulikuwa Genova unapigiwa makofi, Tullio yuko ng'ambo, na mimi niko hapa na mama. Kila redio ikiimba, mama analia. Nikaanza kumwimbia hivi. Akawa anatulia. Akazoea, nami nikazoea, nikiwa shambani nikawa naimba hivyo hivyo. Basi."

Delmo akavuta kiti, akakaa. Alichukua ganda moja la maharage, akalipasua, akachukua jingine. Wakamenya pamoja mpaka bakuli likajaa.

"Tullio yu hai?" akauliza hatimaye.

"Yu hai. Ana wajukuu. Kila Krismasi ananipigia simu pale kwa Gino, mkahawani. Kila mwaka anauliza habari zako, na kila mwaka ananikataza nisikwambie."

"Namba yake unayo?"

"Naijua kwa moyo, kaka."

Jioni wakashuka kwa Gino. Mkahawa ulikuwa umejaa wachezaji wa karata. Ines akazungusha namba, akazungumza kidogo, kisha akampa Delmo simu.

"Tullio. Ni mimi."

Upande wa pili mtu akavuta pumzi. Kisha sauti ya mzee, yenye lafudhi ya mbali: "Huo wimbo wako unapigwa hata huku. Nikiusikia nazima redio."

"Ulikuwa na haki."

"Wanangu waliuliza kwa nini nazima. Nikawaambia mwimbaji ana sauti mbaya."

Delmo akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Kaka, nisamehe. Yale ya bandarini, nisamehe."

"Na mimi ilinipasa niwaambie kwanza habari ya shamba," Tullio akasema polepole. "Niliogopa mngenizuia. Na mngenizuia kweli."

"Tungekuzuia. Sikiliza sasa, kuna namna nyingine ya kuuimba. Ni ya Ines, si yangu."

Akauimba ubeti wa dada yake, taratibu, akiwa amesimama kwenye kaunta. Karata zikanyamaza mezani. Alipomaliza, Delmo akaibana simu sikioni.

"Uimbe tena," akasema Tullio. "Ngoja kwanza nimwite mke wangu."