Kilele Kilichohama

Mkunga alikuwa mgeni kazini, na aliyelala kitandani siku hiyo alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Mtoto alishazaliwa, kondo la nyuma limetoka zima, sindano ya kuzuia damu imechomwa. Mama yake mkunga alikuwa kando ya kitanda, kampakata mjukuu kama vile kamzaa yeye.

Mkunga aliweka kiganja tumboni kutafuta kilele cha mji wa mimba, ile sehemu ya juu kabisa, juu ya mirija ya uzazi. Hapo ndipo panaposukuma mtoto kwa nguvu zaidi. Mtoto akishatoka, hapo ndipo panapojikaza hadi mishipa ya damu ikabanwa. Pakiwa pagumu, mzazi yuko salama.

Kwenye kitovu, pale alipokitarajia, hapakuwa na kitu. Alikikuta kilele kimehamia juu, upande wa kulia, laini kama unga uliokandwa. Akakisugua. Kikajikaza, kikalegea tena, na damu ikazidi. Mkunga aliingiwa na hofu.

"Wifi, umekojoa?"

Wifi alimtupia jicho mkwewe, akageukia ukuta. "Sijabanwa."

Kumbe! Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa keshazaa, ndiyo kwanza anaanza kuficha. Kibofu kilijaa tele, kikasukuma mji wa mimba pembeni usiweze kujikaza.

"Mama, toka nje."

"Nitoke niende wapi? Mimi nimezaa sita!"

"Mama, toka!"

Mkunga hakuwahi kumpandishia mama yake sauti. Mama akatoka na mjukuu, kanuna.

Wifi alikalishwa kwenye beseni, akakojoa mkojo kama usio na mwisho. Alipolala tena, mkunga alihisi kilele kikirudi katikati taratibu, kikijikusanya chini ya kiganja chake, kigumu kama ngumi. Damu ikapungua. Alishaambiwa darasani, lakini kukihisi kwa mkono wake mwenyewe kulimshangaza.

"Shika," alimwambia wifi.

Wifi alishika. Kisha akaita mwenyewe: "Mama, njoo na wewe ushike."

Mama aliingia, akamweka mjukuu kifuani pa mzazi, akagusa tumbo la mkwewe kwa woga.

"Sita," alisema polepole. "Na sikuwahi kukijua kilele hiki. Hata mimi ninacho?"

"Unacho, mama," mkunga alijibu. Alilitazama tumbo la mama yake lililolegea, machozi yakamtoka. "Ndimo nilimokaa."