Plastiki Chini ya Shuka

Mimi nina wivu, sifichi. Na mdogo wangu anajua kuuchokonoa.

Miaka kumi na minne nimetandika vitanda katika hoteli ile kongwe, yenye ngazi za marumaru na lifti ya mlango wa chuma unaofungwa kwa mkono. Mfanyakazi akitimiza miaka kumi na mitano hupewa usiku mmoja wa bure, yeye na mtu wake. Mtu wangu ni mama. Nilishamwahidi, na kila mwezi alikuwa ananiuliza, "Bado muda gani?" Ilibaki miezi minane tu. Mama angeingia kwa mlango wa mbele, kanishika mkono mimi, si mtu mwingine.

Basi mdogo wangu, aliyeolewa na tajiri wa malori, akanipigia simu. "Dada, nimemchukulia mama chumba hapo kwenu! Tunalala wote wawili, kesho!"

"Vizuri," nikasema. Vizuri gani! Miaka yote hiyo ya kuinama, halafu yeye anamaliza kwa dakika mbili, kakaa zake kwenye kochi.

Asubuhi nikakuta chumba chao nimepangiwa mimi: ghorofa ya pili, kitanda kikubwa katikati, na kidogo cha kuongeza dirishani. Namjua mdogo wangu. Tangu utotoni kitanda kikubwa ni chake. Nikaenda stoo nikachukua ile plastiki tunayotandika chini ya shuka wakija watoto wadogo, wasije wakalowanisha godoro. Ina joto, na ukijigeuza tu inapiga kelele. Nikaitandika kwenye kitanda kikubwa, nikavuta shuka juu yake mpaka likanyooka. Haya, lala tuone, bibi wa malori.

Mchana niliwaona wakiingia. Nilikuwa juu ya ngazi, nimekumbatia mataulo. Mama kavaa viatu vipya, kamshika mdogo wangu mkono, na bawabu anawainamia. Mama alikuwa anacheka. Nilitamani mdogo wangu ateleze kwenye marumaru, Mungu anisamehe, ila amwachie mama kwanza.

Kesho yake asubuhi nikagonga mlango. Mdogo wangu akafungua, nywele timutimu, kanuna. Nyuma yake nikaona blanketi lake kwenye kile kitanda kidogo. Kikubwa kampa mama.

Nikampita nikaingia. "Mama, umelalaje?"

Mama akamgeukia mdogo wangu, "Hebu kaoge, kumekucha," akamsukuma bafuni. Mlango ulipofungwa akanivuta karibu.

"Nilikuja naogopa, mwanangu," akanong'ona. "Nilisema leo nitaaibika kwenye mashuka ya watu. Nikapapasa kitanda, nikaikuta plastiki. Nikajua ni wewe. Nani mwingine angenikumbuka?"

Jamani. Mimi ndiye ninayefua mashuka ya mama kila asubuhi, huu mwaka wa pili, na ni siri yetu wawili. Hata mdogo wangu hajui. Lakini nilipotandika kitanda kile, mama hakunijia akilini hata kidogo.

"Nimelala fofofo," akasema, akanipapasa shavu. "Asante, mama yangu."

Mdogo wangu akatoka bafuni, taulo kichwani. "Mnanong'ona nini? Tangu jana ni dada, dada, dada. Kwani aliyekuleta hapa ni nani, mama?"

"Ni wewe," mama akamjibu. "Lakini dada yako ana moyo. Jifunze kwake."

Mdogo wangu akanitazama kwa jicho lile lile nililomtazamia mimi jana pale juu ya ngazi. Machozi yalikuwa yanamlenga. Neno moja tu lingetosha kumpa haki yake.

"Muache mtoto, mama," nikasema, kwa sauti ya upole kabisa. Kisha nikainama nikaanza kutandua kitanda, ili mama asinione uso.