Samaki au Mifupa

Desanka alikuwa akiosha ngano ya sikukuu jikoni simu ilipolia. Aliiweka spika, maana mikono ilikuwa imelowa. Alikuwa ni Ljubiša, mwanawe, kutoka Perth, Australia, alikohamia miaka tisa iliyopita bila kuagana na baba yake.

Slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na Desanka hakuwa na haja nyingine duniani ila kumwona kijana huyo mezani. Lakini slava haina mwaliko. Anayekuja huja mwenyewe, na kumwita mtu ni aibu. Mumewe, Radivoje, katika mambo ya mila alikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Ljubiša naye, mtoto wa nyoka ni nyoka, alikuwa akingoja aitwe.

"Hebu niambie, mwanangu," Desanka alisema, "kutoka huko mpaka Belgrade ni mbali kiasi gani?"

"Mama, si unajua? Kilomita elfu kumi na kitu."

"Na ndege inachukua muda gani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Kuuliza nako dhambi? Yaani mtu akipanda ndege huko Alhamisi usiku, Ijumaa mchana atamkuta samaki mezani, au atakuta mifupa?"

"Hata mifupa hakuti, mama. Safari ni karibu siku nzima, na ongeza zile saa saba za tofauti. Atafika sikukuu imekwisha."

Desanka aliirudisha mikono kwenye ngano. Ndipo Radivoje, aliyekuwa karibu na jiko akijifanya anasoma gazeti, akakohoa.

"Mwambie hajui hesabu. Saa saba hizo anapunguza, haongezi. Huko wametutangulia. Abadilishe ndege Doha, kabla ya adhuhuri yuko Belgrade, apande basi la kuja huku kwetu Valjevo. Samaki atamkuta."

"Wewe umeyajulia wapi haya?" Desanka aliuliza.

"Miaka tisa nina kazi gani nyingine?"

Desanka alitamani kumbusu, akamrushia kitambaa cha vyombo.

"Baba," sauti ilisema kwenye simu, "unanialika?"

"Nani kakualika? Mimi nimezungumzia ndege."

Ijumaa ile wageni walikaa na njaa. Mkate wa slava, ambao usipovunjwa hakuna anayekula, ulikuwa bado mzima mezani, na kila aliyelalamika Radivoje alimjazia glasi. Mwishowe mlango ukafunguliwa. Ljubiša alisimama kizingitini na theluji mabegani, akasalimu kama asalimuvyo mgeni yeyote.

"Heri ya slava, mwenye nyumba."

"Hayo ni maneno ya wageni," Radivoje alisema. "Wewe njoo ushike mkate upande huu."

Desanka alicheka huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Baba na mwana waliuzungusha mkate, wakaumwagia divai, wakauvunja. Kila ukoo unajua kwamba abakiye na kipande kikubwa ndiye mwenye bahati mwaka ule, na wanaume hukivuta kwa nguvu zote. Radivoje hakuvuta.