Mtaa Uliokosa Jina

Mtaa wetu uliitwa Mtaa wa Mabata tangu enzi za mababu, kwa sababu isiyo na siasa yoyote: mabata walipita pale asubuhi kwenda mtoni. Mapinduzi yalipotufikia hapa Zaborsk, ikabainika kwamba mabata hawakutoa mchango wowote katika ukombozi wa wanyonge, na mtaa ukapewa jina la kamanda fulani. Baada ya miaka sita kamanda akagundulika kuwa msaliti. Akaja msemaji mmoja wa vyama vya wafanyakazi, naye akagundulika. Mwisho tukapewa Kamishna Zavyalov, ambaye alikuja mwenyewe kukata utepe, akala mkate wetu wa samaki vipande vinne, akatuhutubia saa tatu kuhusu furaha.

Oktoba ya mwaka thelathini na saba gazeti likatuarifu kwamba Zavyalov alikuwa jasusi wa nchi tatu tangu ujana wake. Tulistaajabu alipata wapi nafasi, maana alikuwa pia mwenyekiti wa kamati kumi na moja. Kufika saa nne asubuhi kibao cha mtaa kilishang'olewa. Kipya hakikuwekwa. Kamati ya majina ilikuwa imebakiwa na watu wawili, na wote wawili walikuwa na akili timamu. Ukipendekeza jina la kiongozi aliye hai, akianguka kesho mnaanguka pamoja. Ukipendekeza marehemu, utaulizwa walio hai wana kasoro gani.

Nilikuwa karani wa kugonga mihuri posta. Kwa hiyo niliziona barua zikirundikana, mia mbili na kitu, kila moja ina jina la adui wa taifa kwenye bahasha. Mkuu wetu wa posta, Innokenti Savelyevich, mtu aliyekuwa akiinamia hata simu, alituita ofisini.

"Barua hizo zisipelekwe," alisema. "Kupeleka ni kusambaza jina la adui."

"Tuzirudishe zilikotoka?" niliuliza.

"Kurudisha lazima uandike sababu. Utaandika sababu gani, Zina?"

"Basi zikae hapa."

"Kuzihifadhi? Jina la adui, ndani ya jengo la serikali?"

Glafira Yermolaevna, tarishi wa mtaa ule kwa miaka ishirini na mbili, alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. "Sasa Ndugu Mkuu," alisema, "tufanye nini?"

"Fanyeni inavyotakiwa," alijibu Innokenti Savelyevich, akafungua dirisha apate hewa.

Glafira alikuwa mjane mnene, mwenye magoti mabovu na sauti ya kuita ng'ombe. Alichukua chupa ya wino na brashi, akaketi mezani pangu, akaanza kufuta jina la Zavyalov kwenye bahasha, moja baada ya nyingine. Anwani hazikumsumbua; alijua nani ana mtoto jeshini na nani ana dada Saratov. Alipomaliza fungu la kwanza alijitwisha mkoba.

"Unakwenda wapi, shangazi?" nilimuuliza.

"Mabata," alisema. "Naenda wapi tena?"

Tulikuwa watu watano mle ndani. Kila mmoja alipata kazi ya kutazama mezani.

Siku tatu alipeleka barua. Siku ya nne, mchana kweupe, walimkamata mlangoni kwa bibi Akulina Tishkova, barua ikiwa bado mkononi. Walimpeleka kwenye jengo la kijivu la polisi wa siri, na mpelelezi aliyepangiwa kesi yake alikuwa Luteni Rodion Tishkov, mwana wa pekee wa bibi yuleyule Akulina. Yaliyosemwa humo alinisimulia Glafira mwenyewe baadaye.

"Jina?" aliuliza Tishkov.

"Si unanijua, Rodya. Nilikuwa nakukuta kwenye tope bila suruali."

"Hapa uniite Ndugu Mpelelezi."

"Haya. Ndugu Mpelelezi, nilikuwa nakukuta kwenye tope bila suruali."

Tishkov alikuwa na miaka ishirini na sita na mkanda mpya. Akavuta karatasi. "Unatuhumiwa kwa kusambaza barua katika mtaa..." Kalamu ikasimama.

"Mtaa gani?" aliuliza Glafira.

"Unaujua."

"Mimi naujua. Andika basi."

Akiandika Zavyalov, amemtukuza adui kwenye waraka wa serikali. Akiandika Mabata, amerudisha enzi za mfalme, na ndilo lililokuwa kosa la mshtakiwa. Tishkov akatoka kwenda kumwuliza mkubwa wake. Alirudi masikio yamemwiva.

"Amesemaje?" Glafira alimwuliza.

"Amesema mimi ndiye niliyesomea."

"Na mama yako hajambo? Maana barua yake mmenipokonya. Ya mjomba wako, kwa mwandiko."

"Shangazi Glafira," Tishkov alinong'ona, "nakuomba, ogopa kidogo. Utaniponza."

Wakamweka mahabusu wasubiri mtaa upate jina. Siku kumi na moja sheria za nchi kubwa kuliko zote duniani zilingojea kibao. Wakati huohuo barua zilizobaki zililala chini ya meza yangu, na mimi nikazifunika kwa koti.

Siku ya kumi na mbili jina lilitoka mkoani: Mtaa wa Maisha ya Furaha. Bendi ilipiga, tukapiga makofi, theluji ikatunyeshea. Sasa shitaka likaweza kuandikwa. Lakini katika kuandika ikaonekana kwamba kupeleka barua Mtaa wa Maisha ya Furaha si kosa hata kidogo. Kosa ni kutozipeleka. Na rekodi zilionyesha wazi kwamba kwa siku kumi na moja wakazi wa Furaha hawakupata barua hata moja, kwa uzembe wa tarishi wao, ambaye hakuonekana kazini.

Shitaka lilihitaji shahidi. Innokenti Savelyevich alinipa karatasi iliyokwisha kuandikwa na kalamu iliyokwisha kuchovywa. Ilisema kwamba barua ziliachwa makusudi na kwamba nilimsikia akilitaja jina la kale la mtaa kwa mapenzi. Niliisoma mara mbili. Nilitia saini vizuri kabisa, kisha nikaenda kula supu yangu ya kabichi, nikaimaliza.

Glafira alipata miaka minane, huko Kaskazini. Keshoye nililitoa koti juu ya zile barua, nikazipeleka mimi, kila nyumba, na watu walinishukuru sana. Luteni Tishkov hakuumaliza mwaka uliofuata. Wakubwa wake walikamatwa, naye akakamatwa kwa kuwa nao, na hakuna aliyepata kujua aliishia wapi. Innokenti Savelyevich alipewa nishani.

Glafira alirudi baada ya vita, amekonda, meno ya mbele hana. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo miaka minane.

"Nilitia saini," nilisema.

"Walinisomea," alisema. "Nilijua watampa mtu atie saini. Nikasema afadhali Zina, huyu ana watoto." Alinitazama usoni, akakumbuka. "Kumbe huna watoto. Nilichanganya na yule Lida wa simu."

"Chumba changu nani anakaa?"

"Mkaguzi wa mizani. Na familia yake."

"Na Akulina, yu hai?"

"Yu hai. Macho yamekwisha. Kila siku anatuma mtu kuuliza kama Rodya ameandika."

Glafira aliokota kifurushi chake, akatoka. Jioni ile nilisikia kwamba amehamia kwa bibi Akulina, mama wa mtu aliyemfungulia kesi, na kwamba wanalala kitanda kimoja kwa sababu ya baridi. Waliishi hivyo miaka tisa. Kila mkazi wa mtaa aliingia mle kunywa chai kwenye samawari yao, hata mkaguzi wa mizani.

Mimi nilipita nje kila siku, kwenda kazini na kurudi. Glafira alinisalimia dirishani bila kinyongo. Kukaribishwa ndani, sikukaribishwa.