Majina ya Kasoro

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Walimwita Jicho, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya meza ya kioo yenye taa kwa chini, majora ya kitambaa yakipita taratibu mbele yake, naye chaki mkononi. Pale ambapo wewe na mimi tungeona weupe mtupu, yeye aliona uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, uliolegea, tone la mafuta dogo kuliko kichwa cha sindano, mahali ambapo fundi wa zamu ya asubuhi alisinzia na mashine ikaruka. Alitia alama, jora likaendelea na safari yake.

Wakaguzi walikuwa thelathini na mmoja, wanawake watupu, na kwa kuwa kusimama kutwa kunataka maneno ya kukuchangamsha, walikuwa wamezipa kasoro majina yao wenyewe. Uzi uliokatika na kuacha ncha tatu ulikuwa mguu wa kunguru. Doa la mafuta lilikuwa nzi. Mstari mwembamba uliokwenda urefu wote wa jora, kwa sababu ya uzi mmoja wa mtande uliokazwa kupita kiasi, waliuita mama mkwe, kwamba ukishaingia hautoki.

Meza ya jirani alisimama wifi yake, mdogo wa mumewe. Jicho mwenyewe ndiye aliyemleta kiwandani miaka kumi na mmoja nyuma, mwanamume alipomkimbia na kumwachia watoto watatu. Alimshika mkono, akamfundisha kuangalia kitambaa kwa upande badala ya kukikodolea macho. Tangu hapo walikula chakula cha mchana katika bakuli moja, na watu wasiowajua walidhani ni ndugu wa tumbo moja.

Mumewe alikuwa dereva wa lori mpaka mgongo ulipogoma na daktari akamkataza usukani. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, wakaenda zao. Mwaka mzima mzee wa watu alibaki nyumbani peke yake, akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Bawaba za mlango wa jikoni alizifungua na kuzifunga mara nne.

Ndipo serikali ilipotangaza mpango wake. Watu elfu ishirini wangefundishwa kazi za kompyuta ndani ya miaka miwili, bila ada na bila kuulizwa umri, ili nchi isiachwe nyuma na wenzake. Mabango yalibandikwa kila kona, na kwenye bango alikuwako kijana mwenye meno mazuri akiichekea skrini. Mume alisema bango lile halimhusu. Wifi ndiye aliyemkatia shauri.

"Kaka, kilichovunjika ni mgongo," alimwambia. "Vidole unavyo."

Akaenda. Miezi sita alisomea kwenye ukumbi wa posta ya zamani, wenye mashine thelathini, kumi na mbili zikiwaka. Vijana walimwita Babu, naye akaitika. Alirudi nyumbani akifanya mazoezi ya kipanya kwa kisanduku cha kiberiti juu ya meza, na Jicho alikuwa akimchungulia kutoka jikoni na kucheka kimoyomoyo, kwa furaha zaidi kuliko dhihaka. Siku ya mahafali alipewa cheti chenye muhuri wa dhahabu, akapigwa picha na afisa wa wizara, kisha akapangiwa kazi katika kampuni iliyokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro.

Kazi yenyewe ilikuwa picha. Kila baada ya nukta chache picha ya kitambaa ilitokea kwenye skrini, naye alitakiwa kuichorea kasoro kiboksi na kusema ni kasoro ya aina gani. Mtu aliyeendesha lori maisha yake yote angejuaje mshindio na mtande? Mwezi haujaisha alikuwa na onyo la pili. La tatu lingekuwa mlango.

Jioni moja alikataa kula. Jicho alipombana sana akatoa simu, ambamo alikuwa amezinakili picha kwa siri, jambo lililokatazwa. Alimwonyesha moja na kumuuliza yeye anaona nini.

"Nzi wawili hapa," Jicho akasema. "Na huu ni mguu wa kunguru. Kwani wewe huuoni?"

Hakuuona. Jicho akamsogezea kiti, akamwonyesha tena, pole pole, kama alivyomwonyesha wifi miaka ile. Na hapo ndipo palipoanzia. Kila jioni, kabla ya chakula, walikaa bega kwa bega mezani, yeye akitaja, mume akiandika kwenye daftari. Kampuni haikuwa na majina ya kasoro, ilikuwa na namba tu; msimamizi alipoyasikia yale ya daftarini akayapenda, akayaingiza kwenye mfumo yalivyo. Ule ubaridi wa mwaka mzima uliyeyuka ndani ya nyumba ile. Mume alianza kupiga mluzi tena akinyoa ndevu. Jicho naye, ambaye ujuzi wake haukuwahi kuulizwa na mtu yeyote nje ya kiwanda, alijiona amepata mwanafunzi ambaye pia ni mumewe, na lazima tuseme ukweli, alifurahi kupita kiasi.

Wiki ya tatu ikaja picha iliyopigwa karibu na ukingo wa kitambaa. Kila kiwanda kina nyuzi zake za ukingoni, kama chapa ya ng'ombe. Hizi zilikuwa mbili za buluu na moja ya njano.

"Hiki ni kitambaa chetu," Jicho alisema.

Mume hakuinua macho, na kwa kutoinua huko akawa amejibu.

"Umejua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Jina la kiwanda limeandikwa kwenye faili."

"Na picha zote hizi ni za nini?"

"Za kuifundisha kamera." Alifunika simu kwa kiganja. "Mke wangu, nje ya ule mlango wapo arobaini wenye cheti kama changu. Nikitoka mimi leo, kesho anakaa mwingine. Picha zitachorwa tu."

Jicho aliinuka, akaenda jikoni. Alibandika maji jikoni, akayaepua kabla hayajachemka. Alisimama pale kwa muda akiwafikiria wanawake thelathini, kila mmoja na meza yake. Alimfikiria wifi. Halafu akamfikiria huyu aliyekaa sebuleni, na mwaka ule wa bawaba. Alirudi, akavuta kiti.

"Haya," alisema. "Lete nyingine."

Miezi minne ikapita hivyo. Mume akawa mfanyakazi bora wa mwezi, mara mbili. Mchana Jicho alisimama karibu na wifi yake, wakala katika bakuli moja, wifi akamsimulia habari za binti yake mkubwa aliyekuwa anaingia sekondari, na mara nyingi Jicho alifungua mdomo ili aseme, akaujaza chakula.

Kamera ililetwa Jumatatu. Mafundi wenye makoti masafi waliifunga juu ya meza ya kwanza na kuweka skrini ukutani, kisha wakaguzi wakaitwa kushuhudia. Jora likapita. Kiboksi chekundu kikaruka kwenye skrini na neno likatokea pembeni yake: NZI. Wanawake waliangua kicheko. Mmoja akasema mashine hii imezaliwa humu humu. Likatokea MGUU WA KUNGURU, kicheko kikapungua. Lilipotokea MAMA MKWE hakuna aliyecheka. Wifi alimuuliza fundi majina yale yametoka wapi. Fundi alisema mfumo umekuja nayo hivyo hivyo. Jicho alikuwa akitazama sakafu.

Barua zilitoka baada ya wiki mbili, ishirini na tisa. Wawili wangebaki kuisimamia kamera, na Jicho alikuwa mmoja wao. Meneja alimwita ofisini akamwambia kwamba katika kasoro mia, macho yake na kamera yanakubaliana tisini na nane, jambo lililowashangaza wataalamu. Yeye halikumshangaza. Alisaini kubaki. Nyumbani alimwambia mumewe kwa sentensi moja, na usiku wakalala wamegeuziana migongo.

Alhamisi iliyofuata afisa wa kazi alikuja na fomu. Wanawake walikusanywa kwenye bwalo la chakula, na afisa, mtu mpole mwenye sauti ya mahubiri, aliwaambia wasihuzunike maana serikali haijawasahau: nafasi zao katika mpango zimetengwa, kila mmoja. Wasiseme umri umekwenda. Alikuwa amewaletea shahidi. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia mume wa Jicho, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa.

Asubuhi ile alikuwa amesema ana mkutano, basi. Jicho alikuwa amesimama nyuma kabisa na yule mwenzake aliyebakishwa. Wanawake walimpigia makofi, maana ni kaka na shemeji yao, wanamfahamu tangu enzi za lori. Akasimulia habari za mgongo wake, za posta ya zamani, za kuitwa Babu, na walicheka palipostahili kuchekwa. Afisa alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipouliza kama kuna swali, wifi akainua mkono.

"Kaka, sisi nyumbani tunajua tu uko kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ni kufanya nini?"

Angeweza kudanganya. Mkewe alimwona akilitafuta neno la kudanganyia, na akaona asilipate.

"Nachora viboksi kwenye picha za vitambaa," alisema.

Wanawake walitazamana, wakijumlisha moja na moja.

"Majina yetu," wifi akasema taratibu. "Nani alikupa majina yetu?"

Mume alitazama mikono yake. Jicho hakungoja.

"Ni mimi," alisema kutoka nyuma. "Kila jioni, miezi minne. Na nilijua ni kitambaa chetu."

Alitarajia matusi, pengine hata kofi, na angelipokea. Hakuna aliyepiga kelele. Mkaguzi mmoja wa siku nyingi alikaza kilemba chake, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," bila kumtazama mtu, na baadhi wakaguna. Afisa alikohoa, akawaomba wapange mstari wa fomu. Wakapanga. Wangefanya nini? Wa kwanza mstarini alikuwa wifi. Alipomaliza kuandika alipita mbele ya Jicho kama mtu anayepita mbele ya nguzo.

Jumatatu Jicho alirudi kazini. Alikaa kwenye kiti, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, akiitazama skrini ikitazama kitambaa. Mwenzake aliyebakishwa alikuwa na shughuli nyingi kila Jicho alipotaka kuzungumza naye. Wiki sita baadaye kampuni ya juu ya duka la magodoro iliwatumia wafanyakazi wake ujumbe wa simu: kamera imeshafuzu, mradi umefungwa, asanteni. Mume akarudi kwenye kiti chake cha sebuleni, chini ya cheti. Jicho hakumlaumu. Kumlaumu kungekuwa nafuu, lakini kila alipoanza alijikuta amekaa upande ule ule wa meza. Walipokwenda kumsalimia mama mkwe, aliyeishi na wifi, waliambiwa wifi ametoka sasa hivi, na ikawa kila wakienda ametoka sasa hivi.

Ilipita miezi minane. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mtu akapiga hodi mlangoni. Alikuwa wifi. Hakuwahi kupiga hodi katika nyumba ile. Zamani aliingia tu na kwenda moja kwa moja kufunua sufuria. Alikuwa amekonda. Alikaa ukingoni mwa kiti, chai akaiacha ipoe.

Alieleza kwamba amemaliza mafunzo na kupangiwa pale pale, ghorofa ya pili. Safari hii picha ni za nyayo za viatu. Anazitazama mpaka macho yanamtoka machozi, haoni kitu, na wamemwambia akikosea wiki hii tena, basi.

"Yule mama wa nyumba ya tatu," alisema, "nimesikia ni mkaguzi kiwanda cha viatu."

Jicho alielewa kabla hajamaliza. "Wifi, simjui vizuri."

"Unamjua. Mnachota maji pamoja."

"Ana watoto wanne."

"Na mimi nina watatu," wifi alisema. Hakulisema kwa hasira. "Ulipokuwa unamfundisha kaka, ulinihesabia hao watatu?"

Wifi alingoja kwa heshima, muda ambao mtu humngoja mkubwa wake aseme. Kisha akasimama, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka.

Dirishani Jicho alimwona hakushika njia ya barabarani. Alikata uani kwa watu, akapita kamba za nguo, akafika nyumba ya tatu, akapiga hodi. Ni hatua hamsini tu. Mtu angeweza kutoka mbio, akaita, akasema lolote. Mlango ukafunguliwa, na yule mama, mikono ina povu la sabuni, akaonekana kufurahi kupata mgeni. Akaifuta kwenye kanga, akampisha aingie.

"Nani alikuwa hapo?" mume aliuliza kutoka chumbani.

"Mdogo wako."

"Ameshaondoka?"

"Bado," Jicho alisema, na akabaki pale pale dirishani.