Herufi ya Nne

Ubao ulikuwa umejaa majina ya ukoo mzima isipokuwa nafasi moja, na nafasi hiyo ndiyo iliyomkosesha raha fundi wa mabango ambaye kila mtu, hata mama yake mzazi, alimwita Herufi. Alikuwa ameandika maduka, saluni, malori na vyoo vya shule, na hakuwahi kusita. Leo alisimama barazani kwa Mama Mkubwa na brashi mkononi kama mtu asiyejua a wala be.

"Andika kama ilivyo kaburini," alisema Mama Mkubwa. "Mlevi. Ukweli hauna haya. Kesho ukoo unakutana hapa, nataka ubao uwe umekauka."

Mama Mkubwa huyu na mama yake Herufi walikuwa ndugu wa ukoo mmoja, baba zao mtu na binamu yake. Babu zao walikuwa ndugu wawili. Yule ndugu mkubwa alikufa mapema akaacha mtoto mmoja, na mtoto huyo ndiye aliyemzaa Mama Mkubwa. "Baba yangu alijilea mwenyewe," Mama Mkubwa alipenda kusema, harusini alisema, msibani alisema, hata kwenye foleni ya benki alisema. Yule ndugu mdogo, babu wa mama yake Herufi, alilala makaburini chini ya saruji iliyochorwa kwa msumari: HAPA AMELALA MLEVI WETU.

Mama yake Herufi alikuwa amelibeba neno hilo maisha yake yote. Akikataa soda, utamsikia Mama Mkubwa: mjukuu wa Mlevi leo hanywi. Akijikwaa, damu hiyo. Asubuhi ile alimwambia binti yake kwa upole, na upole wa mama yule ulikuwa mbaya kuliko kelele: "Kazi ni kazi, mwanangu, andika. Ila ukiliandika neno hilo kwa mkono wako, mimi hapo sikanyagi."

Basi Herufi akamwambia Mama Mkubwa rangi nyeupe imekwisha, uongo mtupu, akachukua ndoo na brashi ya waya, huyo, makaburini.

Kulikuwa na jambo lililomkera tangu utotoni. Nani anamwandikia marehemu wake neno kama lile, halafu anaongeza "wetu"? Akapiga magoti, akamwaga maji, akasugua. Kaburi lilipakwa chokaa kila mwaka na watu wenye haraka, tabaka juu ya tabaka, mpaka maandishi yakabaki mashimo tu. Aliposugua herufi ya nne aliona kitu cha ajabu. Mguu wa kushoto wa ile V haukuishia pale herufi nyingine zilipoishia. Ulipanda, ukapita mstari, ukaenda zake hadi ukingoni mwa saruji. Hata mlevi mwenyewe asingeandika hivyo. Ule haukuwa mguu wa herufi, ulikuwa ufa.

Ukiuondoa ufa, unabaki mstari mmoja wa mshazari. Mstari mmoja si herufi. Akasugua tena, kwa nguvu, chokaa ikawa inabanduka vipande vipande na kumrukia usoni. Juu pakatokea mstari. Chini pakatokea mwingine. Na katikati, kamstari kafupi kamekatiza, vile watu wengine wanavyoikata tarakimu ya saba.

Z.

"Mlezi," alisema kwa sauti, peke yake kati ya makaburi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndoo aliisahau palepale.

Alifika kwa Mama Mkubwa anahema, magoti meupe kwa chokaa, akaeleza yote kwa pumzi moja. Mama Mkubwa alimsikiliza huku akikunja kanga.

"Saruji umeikwaruza wewe," alisema. "Una njaa ya babu mzuri, nakuelewa. Lakini hebu nijibu. Yule mzee alizaa mtoto mmoja tu, babu yako. Mtu akilea mtoto wake mmoja anaitwa baba. Mlezi alimlea nani?"

Swali lilikuwa zuri. Herufi aliinamisha kichwa, akakiinua, na macho yakaangukia ile picha ya ukutani sebuleni ambayo alikuwa ameipita mara mia. Baba yake Mama Mkubwa, alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, kaptura kubwa, kasimama wima. Begani kwake palikuwa na mkono wa mtu mzima. Mwenye mkono hakuonekana. Mkono ulikosa kidole cha shahada.

Ukoo mzima ulijua nani alikosa kidole hicho. Walisema alikikata kwa panga akiwa chakari.

"Mama Mkubwa, mkono huu wa nani?"

"Wa mpiga picha."

"Na kamera aliishika kwa meno?"

Herufi aliishusha fremu, akavikunjua vile vimisumari vya nyuma kwa ncha ya kikwangulio chake cha rangi. Picha ilikuwa imekunjwa katikati. Aliifungua polepole, akihofia isikatike, na mwenye mkono akatokea, mtu mwembamba amekaa kwenye kigoda. Mapajani alimpakata mtoto mchanga, babu yake Herufi. Kushoto kwake walisimama wasichana wawili ambao hakuna aliyewahi kuwataja. Kulia, yule mvulana wa kaptura kubwa.

Nyuma palikuwa na maneno ya penseli. *Mlezi wetu na sisi wanne. Bila yeye ningekuwa wapi.* Na ile Z ilikuwa na kamstari katikati.

"Ni ileile ya kaburini," alisema Herufi. "Aliyeandika hapa ndiye aliyeandika kule."

Mama Mkubwa alipitisha kidole juu ya herufi ile. Alijua mwandiko huo wa baba yake. Ndio uliomfundisha kusoma.

"Fremu ilikuwa ndogo," alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kisha akatoka nje barazani, akasimama mbele ya ubao ambapo jina la baba yake lilining'inia peke yake, bila mtu wa kumlea.

"Mchoree mstari," alisema. "Utoke kwa Mlezi uje kwake. Na uwe mnene, nisije nikasema sikuuona."

Herufi aliandika herufi tano, na ile ya nne akaikata katikati. Alipogeuka, Mama Mkubwa alikuwa na simu sikioni.

"Ni mimi," alikuwa akisema. "Mtoto aliyelelewa na babu yako ndiye aliyenizaa. Nimekutania miaka yote hii kwa mtu aliyemlisha baba yangu. Nisamehe, ndugu yangu, na kesho uje ukae karibu nami."

Herufi akamsikia mama yake upande wa pili, mbali kidogo na simu, akimuuliza mtu viatu vyake vizuri viko wapi.