Waliokuja Kumwimbia Josias

Jemima Sakakeep alikaa sakafuni kwenye korido ya ghorofa ya pili, ameegemeza mgongo kwenye mlango wa chumba namba 214, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele. Ndani ya chumba hicho kaka yake Josias alikuwa amelala kitandani tangu alfajiri, hapumui. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo wa ofisi.

“Mama, huwezi kukaa hapo,” mlinzi alimwambia.

“Nimeshakaa.”

“Tunasubiri polisi waje waandike.”

“Waje. Nani kawazuia? Wewe nifungulie nimshike mkono tu.”

Mlinzi aliitupia jicho kamera iliyokuwa darini. “Utaratibu,” akasema, na akaenda kusimama mbali kidogo.

Polisi walifika saa saba mchana. Josias alitolewa akiwa ndani ya mfuko wa zipu, na Jemima hakuona hata unywele wake. Alinyoosha mkono akaugusa mfuko upande aliodhani ni wa miguu.

Walikuwa wakikaa Nyumba ya Mwerezi, jengo la ghorofa nne lililojengwa kwa ajili ya wenyeji wa asili wasio na makao mjini. Tai amechorwa ukutani nje, na mlangoni kuna maandishi ya kukaribisha kwa lugha tatu, mojawapo imekosewa. Jemima alihamia hapo miaka minne iliyopita, figo zake zilipokufa. Kijijini kwao, kaskazini kusikofika barabara, kulikuwa na zahanati yenye wauguzi wawili, na maji yalikuwa hayanyweki bila kuchemshwa. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mjini tu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa teksi ilimchukua, mashine ikamtoa maji na sumu kwa saa nne, akarudishwa. Josias yeye hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuja mwaka uliofuata ili dada yake asikae peke yake. Mji ndio uliomfundisha kunywa pombe asubuhi.

Jioni hiyo Janelle aligonga mlango wa Jemima. Huyu alikuwa mfanyakazi wa utamaduni, msichana mpole wa miaka ishirini na sita, mwenyeji wa asili kama wao lakini wa kusini. Alilelewa na familia ya wazungu. Mambo ya kabila lake aliyajua ukubwani, mengi kwenye semina. Alishika sinia lenye kombe la baharini, unyoya na fungu la majani makavu.

“Pole sana, bibi. Nimekuletea majani ya kufukiza. Nimeshaomba kengele ya moto izimwe kesho, saa nne mpaka saa nne na nusu.”

“Majani ya nini, mwanangu?”

“Ya kutakasa. Ni mila yetu.”

“Labda ya kwenu. Sisi mtu akifa tunaimba.”

“Mnaimba na ngoma? Ngoma ninayo ofisini.”

“Ngoma ya nini? Tunaimba na kitabu.” Jemima alivuta droo akatoa kitabu cha nyimbo cha kanisa, jalada limeshikiliwa na gundi, ndani kimeandikwa kwa lugha yao, herufi za pembe na ndoano. “Hiki kilikuwa cha baba. Watu wanakuja, wanajaa, tunakunywa chai, tunaimba mpaka maiti aanze safari. Mfiwa haachwi peke yake hata dakika moja. Ukungu umefunga uwanja wa ndege, Josias hasafiri kwenda kuzikwa kwetu kabla ya Jumamosi. Siku zote hizo mimi nitakaa na nani?”

Janelle aliuma mdomo. “Watakuwa watu wangapi?”

“Watakaokuja.”

“Bibi, sheria ni wageni wawili, wenye vitambulisho, na saa nne usiku wawe wametoka.”

“Mwambie Curtis.”

Janelle alikwenda kwa Curtis, meneja wa jengo, akarudi baada ya dakika kumi na macho chini. “Anasema hilo la nyimbo halimo kwenye mpango. Mpango una fukizo, ngoma na kikao cha mazungumzo. Halafu anasema... kanisa si utamaduni.”

Jemima alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kikavu kilichoishia kikohozi. “Walituchapa mpaka tukalishika hilo kanisa. Tumelishika, sasa wanatuambia si letu.”

Jumatano aliikosa mashine, kwa kuwa chumba cha maiti kilimtaka akasaini karatasi za daktari, na alipomaliza nafasi yake alikuwa amepewa mtu mwingine. Alhamisi jioni, mpwa wake Delphine alibana mlango wa pembeni kwa kiatu. Delphine alilala nje mwaka mzima na kitambulisho chake kiliibwa pamoja na begi. Aliwaingiza mmoja mmoja: wazee wawili waliokuwa na Jemima kwenye mashine, mama mwenye mtoto mgongoni, wanaume wa kutoka chini ya daraja waliovua kofia na kusimama wima kama wako mbele ya askofu. Walikuwa kumi na mmoja.

“Shangazi, chumba chako kama kopo la samaki,” Delphine alisema.

“Basi usipumue sana. Mpe huyo chai.”

Walikula mkate wa kukaanga kwa siagi, wakaanza. Mwanzoni sauti zilikwaruza. Mmoja wa wale wa darajani, Hosea, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno zima bila kutukana, alijua beti zote kwa moyo. Sauti yake nzito ilitangulia, wengine wakaifuata polepole, jinsi wanavyoimba kaskazini, kila neno likivutwa mpaka liishe. Jemima aliweka koti la Josias mapajani. Tangu Josias afe Jumanne hakuwa amelia. Sasa akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Saa nne na dakika tano mlinzi aligonga. Walitoka bila ugomvi. Hosea alikunja kofia mkononi akamwambia Jemima, “Tungemwimbia mpaka asubuhi, dada. Samahani.”

Ijumaa, saa ile ile ambayo teksi ya mashine humchukua, aliitwa ofisini.

“Kaa, Jemima,” alisema Curtis, ambaye kwa umri angekuwa mwanawe wa mwisho. Janelle alikaa pembeni na daftari. “Kwanza, tunauheshimu msiba wako.”

“Teksi iko nje.”

“Hatutachukua muda. Unajua hili ni kosa la pili. Mwaka jana ulimlaza Delphine siku nne.”

“Nje kulikuwa na baridi ya kuua.”

“Ninaelewa. Lakini nina bima, nina wafadhili, nina wapangaji sitini.” Alisukuma karatasi nyeupe. “Sitaki kukutoa. Niandikie tu majina ya waliokuja jana, tuwafungie mlango, na usaini hutapokea wageni miezi sita. Yatakwisha hapa.”

“Majina?”

“Kamera ya mlango wa pembeni haionyeshi sura. Majina tu.”

Jemima aliichukua kalamu. Aliishika muda mrefu kiasi kwamba Curtis alianza kulegea kwenye kiti.

Alipokuwa na miaka saba, katika shule ya bweni walikopelekwa kwa ndege, mwalimu alimpa kalamu na karatasi kama hii. Andika wanaosema lugha yenu usiku. Aliahidiwa hatachapwa. Aliandika jina moja, kwa kuwa ndilo pekee alilojua kuliandika bila kukosea ukiacha lake. Josias alikuwa na miaka tisa. Mkanda wa mwalimu ulimpasua sikio la kushoto, halikusikia tena. Katika miaka sitini, kaka yake hakuwahi kumuuliza. Alikuwa akikaa tu kushoto kwake, ili amsikie kwa sikio la kulia.

Aliirudisha kalamu mezani.

“Siwajui.”

“Jemima, wamekaa chumbani mwako kwa muda wa saa nne.”

“Walikuja kuimba. Sikuwauliza majina.”

“Nikikuandikia notisi una siku saba. Hosteli ya wagonjwa wa figo imejaa, orodha ni ya miezi minane. Unaelewa?”

“Mashine naijua kuliko wewe.”

Nje, teksi ilipiga honi mara mbili, ikaondoka. Curtis alipumua, akamgeukia Janelle, wakanong’ona. Kisha akasema kwa sauti nyororo kuwa kesho kuna kiti kwenye ndege ya jeneza, na kama angependa kurudi kwao kwa hiari, hakuna haja ya notisi wala doa kwenye faili. Jemima alisema atakwenda. Janelle alijaza fomu. Palipoandikwa sababu ya kuondoka, kalamu yake ilisita juu ya visanduku.

“Weka ‘amerejea kwenye jamii yake, sababu za kitamaduni’,” Curtis alisema. “Hiyo wafadhili wanaihesabu kuwa mafanikio.”

“Bibi,” Janelle alinong’ona, machozi yamemjaa, “kule hakuna mashine.”

“Najua, mwanangu. Weka alama.”

Akaweka.

Jumamosi ukungu uliinuka. Kwenye kibanda cha ndege ndogo, jeneza la Josias lilipakiwa kwanza, likiwa limefungwa mikanda pamoja na maboksi ya maziwa na vipuri vya magari ya theluji. Abiria walipimwa mmoja mmoja, kwa kuwa rubani lazima ajue uzito. Bwana wa mizigo, Silas, mtu mzima wa kijiji jirani na chao, alimpa mkono akamsaidia kupanda mzani.

Jumatatu, mashine ilipomaliza kumkamua maji, Jemima alikuwa na kilo sabini na moja. Mshale ulipita hapo, ukapanda, ukasimama kwenye sabini na sita. Viatu havikufungika tena. Alikuwa amevikata pembeni kwa kisu.

“Ah, mjini mnalishwa, dada!” Silas alisema akicheka, akaandika sabini na sita chini ya uzito wa jeneza. “Umenawiri kweli.”